Jinsi Mama Dorothée Alivyovusha Bidon ya Maji Juu ya Bonde

Enyi wenye masikio, wekeni chini majembe na mabakuli. Enyi mnaochambua maharage, chambueni polepole ili punje zisipige kelele. Nanyi mlio na haraka ya soko, soko litangoja. Sikieni habari za Mama Dorothée, binti wa vilima, mpalilia maharage, mchimba mihogo, mwogopaji asiye na mpinzani toka Nyamitaba hata Kalembe, na jinsi alivyovusha bidon moja ya maji, dumu la kawaida, kutoka kilima hadi kilima, mchana kweupe, mbele ya mashahidi waliocheka.

Mambo makubwa huwa na chanzo, na chanzo cha haya kilikuwa uvumi. Uvumi ule ulitoka Walikale umepanda pikipiki, katikati ya bidon za mafuta ya mawese. Ulipofika Kalembe ukapumzika, ukala, ukanenepa. Kisha ukapanda milima hata sokoni, na hapo ukamkuta Mama Béata, jirani mwenye masikio mapana na mdomo usio na mlango. Kabla jua halijakaa katikati ya mbingu, uvumi ulikuwa umeketi jikoni kwa Dorothée, bila kukaribishwa, wakati yeye anageuza bugali.

"Dada Dorothée," akasema Béata, "ile mashine ya kamba kwenye Myriam wako anatumikaka, unajua mu kabati yake muko nini?"

"Muko umeme."

"Muko sanduku mbili. Moja inavutaka kamba kwenda, ingine inavutaka kurudi. Na zile sanduku hazisikilizane. Kule Walikale, siku zilitumika pamoja, kabati yote ilipasuka. Mwenye alikuwa anashika manette, ile fimbo ya kuendesha, hata kiatu yake hawakuiona."

"Nani alisema?"

"Bantu."

"Bantu gani?"

"Bantu mingi."

Na mbele ya Bantu Mingi, hao watu wengi wasio na jina, ni ngome gani imewahi kusimama? Mwiko wa Dorothée ukabaki wima ndani ya bugali kama mkuki wa askari aliyekimbia.

Maana Myriam alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa amesoma umeme shuleni mpaka akapata diplome yake, na sasa kila asubuhi alisimama mbele ya kabati ile, akivusha maziwa ya wafugaji juu ya bonde: kikapu cha chuma kikining'inia kwenye waya, kamba ikikivuta kwenda kwa watengeneza jibini wa kilima cha pili, kisha kukirudisha kitupu. Kabla ya waya ule, bidon zilishuka bondeni na kupanda tena kwa vichwa vya watu, na maziwa yalifika yamechoka kuliko wabebaji.

Dorothée akajaribu kuufukuza uvumi. Akausalia, haukuondoka. Akaufulia nguo zote za nyumba, pamoja na zilizokuwa safi, haukuondoka. Akaenda kupanda maharage, na kila alipodondosha punje mbili katika shimo moja, akaona sanduku mbili zisizosikilizana, akazitenganisha. Msimu ule shamba lake liliota kwa mistari ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na mumewe Edmond, mtu wa maneno machache, alisimama ukingoni akatikisa kichwa, akarudi nyumbani.

Ndipo akamwita binti yake, akanena kwa sauti ya amri.

"Myriam. Ile kazi utaiacha."

"Juu ya nini, Mama?"

"Juu ya kiatu."

Myriam akaeleweshwa habari ya kiatu. Hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi.

"Mama, ile kazi niliisomea," akasema. "Tufanye hivi. Kesho kuja. Uvushe muzigo moja na mikono yako, mbele ya Papa Callixte. Kiisha ukiniambia niache, nitaacha, na sitanuna."

Neno likafungwa hivyo. Kwa mvusho mmoja tu, binti angebaki na kazi yake au angerudi kwenye jembe. Na aliyepewa hukumu ile mikononi alikuwa mtu aliyewahi kukimbia kuku wake mwenyewe kwa kudhani ni nyoka.

Asubuhi shujaa akajivika silaha. Akavaa bote za Edmond, viatu virefu vya mpira, ambazo ndani yake miguu yake ilitembea kidogo kabla bote hazijaanza. Akafunga kikwembe cha kitenge juu ya kikwembe. Akavaa rozari shingoni, na mikononi sashe za plastiki, mifuko ya sokoni, kwa sababu alisikia kwamba umeme haupendi plastiki. Na kwapani akaficha chupa ya maji yaliyobarikiwa, aliyokusudia kuinyunyizia kabati kabla haijapata nafasi ya kusema neno.

Papa Callixte, fundi wa umeme wa mashine ile, alikuwa mlangoni mwa kibanda. Alikuwa mtu mpole, lakini chupa ile aliiona toka mbali.

"Mama Dorothée, karibu. Ile chupa muna nini?"

"Muna baraka."

"Baraka yenye maji?"

"Yenye maji."

"Basi Mama, mu kabati hapana. Umeme haiulizake kama maji ilibarikiwa. Uimwange mu bidon, tuijaze juu yake, njo itakuwa muzigo yako ya leo. Sitakupa maziwa ya bantu."

Hivyo ndivyo mzigo wa safari ile kuu ulivyochaguliwa. Dorothée akavuliwa zile sashe pia, maana zilikuwa zikiteleza, akaketishwa kwenye kigoda, na Callixte akafungua kinywa chake akahutubia.

"Turbine, ile gurudumu yenye kuzungushwa na maji, iko chini mu mutoni. Umeme yake inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, sawa muntu mwenye kusahau kitu mu nyumba. Lakini moteri yetu inataka umeme yenye kuenda upande moja. Basi sanduku ya kwanza, tunaiita konvertisere, inachukua ile ya kwenda na kurudi, inaipanga, inaipa moteri upande moja. Kamba inaenda. Sanduku ya pili iliwekwa kinyume, zinapeana mugongo. Yenyewe inaipa moteri umeme ya upande ingine. Kamba inarudi."

"Sanduku moja haiwezi kugeuka?"

"Haiwezi. Ndani iko milango midogo ya kupitisha umeme, na inapitisha upande moja tu. Na ile milango iko na tabia. Kuifungua, unaifungua wakati unataka. Kuifunga, hapana. Inajifunga yenyewe, wakati umeme ya mwisho imepita. Sawa mulango ya kanisa misa ikiisha: utafunga namna gani na bantu bangali banatoka?"

Dorothée akaelewa mlango wa kanisa. Alikuwa ameshabanwa nao siku ya Pasaka.

"Na kusimamisha kikapu, nani anasimamisha?"

"Hapo njo uzuri wake, Mama. Sanduku yenye kuvuta kwenda haijue kuzuia. Kikapu ikikaribia ngambo, ya kwanza inaacha, ya pili inaikamata na nyuma. Moteri inageuka kama turbine ndogo, mwendo ya kikapu inakuwa umeme, na sanduku ya pili inairudisha mu laini. Utaona hii ampuli inazidisha mwanga. Kurudi ni vile vile: ya pili inavuta, ya kwanza inazuia."

"Vizuri. Ya pili ikishika, ya kwanza inaachilia."

"Hapana. Ya kwanza inaachilia kabisa. Mushale hii yenye kupima umeme inaanguka mpaka zero. Unapumua mara moja. Kiisha ya pili inashika."

"Na pale katikati," akauliza Dorothée, "nani anashika?"

"Hakuna muntu."

Hapa lazima msikilizaji ajue jambo moja kuhusu wanawake wa vilima vile. Hubeba mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso; na mmoja akichoka kwenye mteremko, mwenzake humpokea. Anayepokea huweka kwanza mikono chini ya mzigo, huuinua, husema, "Nimeshika." Hapo tu, si kabla, mwenye mzigo hutoa kichwa kwenye kamba. Hivyo hupokezana vikapu, hivyo hupokezana sufuria za moto, hivyo hupokezana watoto wachanga. Mtu anayeachilia kabla ya kusikia neno lile hasahauliki; wajukuu zake huonyeshwa kwa kidole. Na Dorothée alikuwa mlinzi mkali kuliko wote wa sheria ile. Myriam alichelewa kutembea, na kilima kizima kilijua sababu: mama yake hakumwachilia hata mara moja ili ajaribu.

"Papa Callixte," akasema, akisimama ndani ya bote, "wewe ni mwanaume, haujabebaka kitu. Muzigo hauachwe mu hewa. Ya pili ishike kwanza."

"Zikishika zote mbili, Mama, umeme inatoka mu turbine, inaingia mulango ya huyu, inatokea mulango ya yule, inarudi. Haipitie ku moteri, haina kazi yenye kuichokesha. Inakuwa mukali. Iko mashine zingine zenye zinaachaka zote mbili zishike pamoja, lakini pale katikati banawekaka bobine kubwa, waya ya kuviringishwa, ya kuipunguza nguvu. Yetu haina. Yetu ilikuwa na karte ndogo yenye kuchunga: kama moja haijatoka kabisa, ingine haifunguliwe. Radi ilipiga ile karte. Tunangojea ingine kutoka Goma."

"Na sasa nani anachunga?"

Callixte akamwelekezea kidevu Myriam, aliyekuwa kando ya kabati, akifuta mikono.

Kwa hiyo lile lililosimama kati ya kilima na mlipuko lilikuwa macho ya mtoto wake. Mtoto ambaye mpaka leo humkumbusha kupuliza uji.

Saa ikafika. Dorothée akakaa mbele ya kabati, mkono wa kushoto juu ya manette, wa kulia juu ya kitasa cha kugeuzia sanduku. Bidon ikapandishwa kikapuni. Akasukuma manette kidogo, kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa padri. Mshale ukainuka. Kamba ikakaza. Na kikapu kikaondoka, enyi wasikilizaji, kikaondoka juu ya bonde, juu ya migomba, juu ya mbuzi waliokuwa wakila bila kujua historia inapita juu yao.

"Kitambaa nyekundu," akasema Myriam, akionyesha alama iliyofungwa karibu na kilima cha pili. "Ukiiona kikapu inapita pale, rudisha manette."

Kikapu kikapita kitambaa chekundu. Dorothée akarudisha manette. Mshale ukaanza kushuka, na huko angani kikapu kikawa kinateleza peke yake, bila anayevuta, bila anayezuia. Mzigo mikononi mwa hakuna mtu. Dorothée alijua asichopaswa kufanya. Lakini mkono wake wa kulia haukuwa wake peke yake. Ulikuwa mkono wa mama yake na wa bibi yake, na wote watatu waliruka kwa pamoja wakageuza kitasa, mshale ukiwa haujafika zero.

Kukasikika mlio mmoja mkavu, kama kifuniko cha sufuria kikianguka sakafuni. Taa ikazimika. Harufu kama ya nywele zilizoungua ikajaa kibandani. Breki ya chuma, ile inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, ikaishika kamba, na kikapu kikasimama juu ya bonde, kikibembea.

Shujaa alikuwa chini, mgongoni, macho yamefungwa.

"Myriam," akasema, "nimekufa?"

"Hapana, Mama. Fizibo, ile kawaya yenye kujikata umeme ikizidi, njo imekufa. Njo kazi yake."

Dorothée akafumbua jicho moja. Akatazama miguuni. Bote moja. Bote ya pili. Zote zilikuwepo. Akazitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

Kutoka ng'ambo, Straton, mpokeaji wa maziwa wa kilima cha pili, akaweka viganja mdomoni.

"Myriam, unatuma ao hautume? Maziwa inakawia."

"Si maziwa, kaka Straton. Iko maji."

"Maji? Huku tuko na chemchemi."

Wafugaji waliokuwa wamepanga bidon zao nje wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Na Mama Béata, ambaye miguu yake ilikuwa imemleta pale kwa bahati tu, akaingiza kichwa mlangoni.

"Acha sasa, dada. Umejaribu. Umeona mwenyewe. Mwambie mutoto arudi nyumbani."

Callixte alikuwa amezima kila kitu, akang'oa fizibo iliyoungua, akakagua ile milango midogo ya sanduku mmoja mmoja, akaweka fizibo mpya. "Hii njo ya mwisho," akasema, bila lawama. "Ikikufa, maziwa ya leo itashuka bonde ku vichwa, na jua imeshapanda."

Kila mtu akamtazama Dorothée. Ushindi ulikuwa mkononi mwake. Angesema neno moja, acha, na Myriam angeacha, asingenuna. Alikuwa ameahidi, na yule hakuwa mtoto wa kuvunja ahadi. Alikuwa amesimama pale, mtungi wa uso wake umefunikwa, hajitetei. Dorothée akaona mikono ya binti yake. Ilikuwa imetulia. Kila asubuhi mikono ile ilifanya jambo ambalo yeye, mwenye nywele nyeupe, ameshindwa kulifanya hata mara moja: kukaa bila kushika.

"Nipeni ile kigoda," akasema.

"Nikushike mukono, Mama?"

"Hapana kushika kitu."

Akauchukua mkono wa kulia, ule wa ukoo, akaufunga ndani ya kikwembe cha juu, mafundo mawili. Kwa mkono wa kushoto akakirudisha kikapu nyuma kidogo kama Callixte alivyomwelekeza, kisha akakituma upya. Migomba ikapita. Mbuzi wakapita. Kitambaa chekundu kikapita. Akairudisha manette.

Basi mshale ukaanguka. Nani ataeleza kuanguka kwake? Ulishuka kama mgeni anayeaga, anayefika mlangoni, anayekumbuka neno lingine, anayesimama. Kikapu kikateleza peke yake. Ndani ya kikwembe mkono ukapiga teke kama mbuzi kwenye gunia. Jasho likamtiririka hata ndani ya bote. Akaanza kusema kwa sauti ndogo, "Acha. Acha. Acha kwanza," na hakuna aliyejua anasema na mashine ama na mkono ama na nani.

Mshale ukalala kwenye zero. Akapumua mara moja. Kisha, kwa kuwa alikuwa Dorothée, akapumua tena.

"Mama," akasema Callixte, akianza kuogopa kwa upande wa pili, maana kikapu kilikuwa kinakaribia ng'ambo, "sasa njo unaweza."

Fundo likakataa kufunguka. Akageuza kitasa kwa mkono wa kushoto, akaurudisha kwenye manette, akasukuma polepole. Mshale ukainuka upande wa kinyume. Taa juu ya kichwa chake ikawaka zaidi, nyeupe, kana kwamba kuna mtu aliyerudisha alichoazima. Na kule mbali kikapu kikashikwa na nyuma, kikapunguza mwendo, kikatembea, kikanyata, kikasimama mbele ya Straton bila kumgusa.

Straton, ambaye hakujua habari ya kiatu, wala ya ahadi, wala ya mkono uliofungwa, akaweka mikono chini ya bidon, akaiinua, akaita kupitia bonde lile neno ambalo kila mtu wa kule angeita:

"Nimeshika."

Mama Dorothée akalaza kichwa juu ya kabati, akalia kidogo, akapangusa pua kwa kikwembe.

Siku hiyo na iandikwe. Siku ambayo maji yalivushwa mpaka kwenye chemchemi. Wafugaji wakapiga makofi, ingawa sababu yao kubwa ilikuwa kwamba sasa zamu yao imefika. Straton akanywa yale maji akasema yana ladha ya bidon.

"Basi, Mama," akasema Myriam. "Niache?"

"Maziwa inaharibika na weye unaniuliza maulizo," akajibu mama yake, akitoka kwenye kigoda. "Kamata kazi yako. Lakini bote utavaa. Hizi za baba yako."

Akakaa mlangoni, miguu mitupu, mkono bado umefungwa, akatazama maziwa yote yakivuka. Kila mshale uliposhuka aliuma midomo.

Kabla ya jioni Béata alikuwa sokoni, na uvumi mpya ulikuwa umepanda pikipiki kurudi Walikale: kwamba kule juu Masisi yuko mama aliyepatanisha sanduku mbili kwa maji ya baraka. Kwa sababu hiyo, ili mama mwingine asisikie akaamini, yameandikwa hapa ya kuepuka:

Usimwage maji kwenye kabati ya umeme, hata yaliyobarikiwa.

Usivae sashe mikononi ukadhani ni kinga.

Usigeuze kitasa mshale ungali juu.

Usitumie sanduku mbili pamoja kama katikati yake hakuna bobine.

Usiweke msumari wala waya mahali pa fizibo. Ikifa, iache ife.

Usikawie sana pia. Kikapu hakingoji mpaka umalize kusali.

Usimsikilize Bantu Mingi kabla hujatazama miguu yako.

Usimshike mtoto wako mkono wakati anangojea zero.